Jumamosi ya vikasha tisa na Jumamosi ya viwili

Ushauri mbaya zaidi niliowahi kupewa kwenye mchezo huu nilipewa kwa nia njema. Kaka mmoja tunayecheza naye jiokashi aliniambia, "Dada, ukitaka kuwa mchezaji wa kweli toka alfajiri, zoa vyote vilivyo njiani. Tisa, kumi kwa siku. Hesabu ndiyo mchezo wenyewe." Nikamwamini, maana idadi ya vikasha alivyokwisha kuvipata ni mara kumi ya yangu.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha kikasha chenye daftari ndani, anatangaza latitudo na longitudo yake, wewe unakwenda na simu kukitafuta. Ukikipata unaandika jina na tarehe, unakirudisha kama ulivyokikuta, unaondoka bila kuvuta macho ya watu. Vingine ni vya hatua mbili tatu: kituo cha kwanza kinakupa namba za kukufikisha cha pili. Na vingine havina kikasha kabisa, unakwenda mahali kutazama mwamba au udongo na kujibu maswali ya aliyekuandalia.

Hamidu, mtoto wa kaka yangu, ana miaka 13 na anaishi Kariakoo. Ijumaa alikuja kulala kwangu Kijitonyama, na Jumamosi saa 12 asubuhi tulikuwa barabarani na orodha ya vikasha tisa: Mlimani viwili, Makumbusho, Kinondoni, Oysterbay, Posta viwili, Kigamboni, na jioni turudi upande wa Kunduchi. Ukiitazama ramani inawezekana. Lakini ramani haioneshi foleni.

Mlimani tulivipata haraka. Kimoja kilikuwa kijikopo cha filamu za zamani kwenye tundu la mti, kingine kidogo kama ncha ya kidole, chenye sumaku, kimeng'ang'ania chuma. Hamidu alishangilia mpaka nikamnyamazisha. Makumbusho tukapata, Kinondoni tukapata. Saa 4 na nusu tukafika Oysterbay, ufukweni kwenye miamba, tukakuta maji yamejaa. Mawimbi yanapiga palepale tulipotakiwa kusimama. Hamidu akauliza, "Shangazi, tusubiri?" Nikamwambia hakuna muda. Tukageuka.

Posta ndiko siku ilikoharibika. Kikasha cha kwanza huanzia kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Unachukua namba kutoka kwenye maandishi yake, unapiga hesabu, unapata mahali pa pili. Nilimwambia Hamidu, "Soma mwaka, hesabu maneno, twende." Dakika tatu tu. Tulipofika mahali pa pili mshale wa simu unaotuelekeza ukaanza kuruka, mara huku mara kule, mita 20, mita 30, kwa sababu ya maghorofa. Tukazunguka robo saa mbele ya jengo moja mpaka mlinzi akatujia: "Mama, hapa mnatafuta nini?" Nilikuwa na haraka, nikajibu kwa mkato, naye akakaza. Ilibidi nioneshe kitambulisho, nieleze setilaiti, nieleze daftari, na bado akatutaka tuondoke. Sasa nina desturi: namfuata mlinzi kwanza, nampa salamu kamili, namwonesha ukurasa wa mchezo kwenye simu kabla sijaanza kuchungulia chochote. Tangu hapo sijafukuzwa, na mmoja alinisaidia kutafuta.

Kikasha cha pili cha Posta tukakipata, cha tano. Tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, hakipo. Nyumbani ndipo nikasoma kwamba waliotangulia nao walikikosa, jambo ambalo ningelijua kama ningetazama kumbukumbu zao kabla ya kulipa nauli. Kunduchi tukafika giza limeshaingia. Nauli, maji na chipsi za njiani vilikula kama elfu arobaini na kitu.

Usiku nikamwuliza Hamidu kipi alikipenda. Akafikiri sana. "Shangazi, kile cha sumaku kilikuwa Mlimani au Makumbusho?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikagundua na mimi mpaka nitazame simu. Siku nzima na mtoto niliyemlea mikononi, na hakuna hata mahali pamoja ambapo tulisimama tukapaona. Niliumia kweli.

Baadaye ndipo nikaelewa ushauri ule ulitoka wapi. Kanuni ya mchezo inataka vikasha viachane kwa mita 161 angalau, na kuna sehemu Marekani, kama barabara moja ya jangwani Nevada, wamevipanga hivyo kwa mamia, kimoja baada ya kingine. Unaendesha, unasimama, unaweka jina, unaendelea. Kule mtu anaweza kupata mamia kwa siku moja, na siwalaumu, ni mbio za aina yake na zinahitaji mpango na pumzi. Lakini huku kwetu vimetawanyika, kati ya kimoja na kingine kuna daladala mbili na foleni ya makutano ya Morocco. Ukiiga mbio za Nevada hapa Dar unachokusanya ni vumbi. Nikubali jambo moja: vile vinne vya asubuhi vilimfundisha Hamidu kutazama. Sasa anaona skrubu isiyo na kazi akiwa hatua kumi. Kwa mtoto anayeanza, vyepesi vichache kwanza vinafaa.

Wiki iliyofuata nilikwenda Msasani kwa mzee ninayenunua kwake samaki. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya maji ya Oysterbay. Akanijibu kama mtu anayetaja siku za wiki: "Mwanangu, tazama mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, hilo ni bamvua. Maji yatakupwa saa nne asubuhi, yatajaa saa kumi jioni. Kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika hamsini." Nikahesabu. Jumamosi iliyopita yalikuwa maji mafu, kinyume cha bamvua, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, saa 4 yamejaa. Jumamosi hii mwezi ni mpevu, saa ileile yatakuwa yamekupwa kabisa. Wiki moja tu, na bahari imegeuka! Nina programu ya majira ya maji kwenye simu siku hizi, lakini kanuni ya yule mzee haihitaji bando.

Safari hii orodha ilikuwa na viwili tu.

Saa 4 kasoro tulishuka ufukweni. Miamba yote ilikuwa nje, mieusi, inang'aa maji. Hiki kilikuwa cha aina isiyo na kikasha: unatakiwa kutazama jiwe na kueleza limeumbwaje. Kwa mbali unadhani ni jiwe la kawaida lenye makali. Hamidu akapiga magoti, akaweka pua karibu kabisa, akaniita kwa sauti nyingine. Ndani ya jiwe kulikuwa na mistari iliyojipinda, inafuatana kama njia za mchwa, upana wa kiganja chake. Matumbawe. Yaliota chini ya maji zamani sana, bahari ikiwa juu kuliko sasa, na leo mtoto wa Kariakoo anayapapasa akiwa mkavu. Chini ya mwamba mawimbi yamekula jiwe kwa ndani, sehemu ya juu imebaki imening'inia kama kibaraza. Tulipima kwa futi, tukajibu maswali, kisha tukakaa tukila mihogo ya kukaanga na pilipili hadi maji yalipoanza kurudi. Zaidi ya saa moja na nusu kwa kimoja. Vaa viatu vya kufunga, miamba ile inachana nyayo.

Daladala hadi Posta. Na hapa niache nijisifu, maana nilikuwa nimejiandaa.

Tatizo la mshale unaoruka ni kwamba mawimbi ya setilaiti yanagonga maghorofa kabla ya kufika kwenye simu. (Wanaolalamika wakumbuke kwamba hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi kwa watumiaji wa kiraia, kosa linaweza kufika mita 100. Walipoacha, kesho yake, tarehe 3, Dave Ulmer akaficha ndoo msituni Oregon na mchezo huu ukaanza.) Kwa hiyo nikaamua simu nisiitumie pale penye maghorofa. Nilitafuta sehemu ya wazi jirani, anga tupu juu, nikaiweka simu imetulia dakika tano hadi namba zikaacha kuchezacheza. Nikaandika namba za hapo, nikatoa kwenye namba za kikasha. Tofauti: sehemu 22 za elfu za dakika kusini, sehemu 9 magharibi (dakika hapa ni sehemu ya sitini ya nyuzi moja, si ya saa).

Sasa utamu wenyewe. Sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo ni kama mita 1.84. Longitudo huwa inabana kadiri unavyoondoka kwenye ikweta, kule London sehemu kama hiyo ni kama mita 1.16 tu. Lakini sisi tuko nyuzi 6 na kitu kusini, kwa hiyo pande zote mbili zinakuja karibu sawasawa, mita 1.84. Hesabu moja inatosha! Kusini mita 40 na nusu, magharibi karibu 17. Nyumbani nilishapima hatua zangu kwa futi ya fundi: hatua 10 ni mita 7. Basi kusini hatua 58, magharibi 24. Dira mkononi, Hamidu anahesabu kwa sauti ya chini, tukazunguka meza ya muuza magazeti na kurudi kwenye mstari. Hatua ya mwisho ilitusimamisha mbele ya kitu ambacho wiki iliyopita tulikipita mara nne. Sitasema ni kitu gani, kumharibia mwenzako si adabu. Hamidu alipeleka mkono mara moja tu.

Lakini kabla ya hesabu hizo zote tulikuwa tumerudi kwenye Sanamu ya Askari, na safari hii nilimwambia, "Soma yote. Taratibu." Ni askari wa shaba, bunduki yenye singe ameielekeza bandarini, amesimama hapo tangu 1927. Maandishi yako kwa Kiingereza, ambacho aliyekitunga ni mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na kwa Kiswahili, cha herufi za kawaida na cha herufi za Kiarabu. Hamidu ni mtoto wa madrasa, akajaribu zile za Kiarabu kwanza, akitamka silabi moja moja, ghafla akacheka: "Shangazi, kumbe ni Kiswahili!" Akaendelea. Yanawakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na pia wapagazi, kwamba wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

"Wapagazi ndio nani?"

Nikamwambia wabeba mizigo. Waingereza walipouchukua mji huu Septemba 1916 kikosi cha wabebaji kilipiga kambi kule nyuma ya Mnazi Mmoja. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. "Litamke haraka haraka." Akalitamka. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akaacha mdomo wazi, akageuka kutazama upande wa nyumbani kwao.

Kwenye kikasha tulikuta daftari limelowa. Huwa natembea na vipande vya karatasi na kimfuko cha nailoni, na penseli, kwa sababu wino wa kalamu hugeuka madoa kwenye unyevu. Nikaongeza karatasi mpya. Wengine huandika jina tu. Hamidu aliandika jina, tarehe, na chini yake, kwa herufi kubwa, KARIAKOO.

Usiku nikampigia mama yangu, nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema babu yake mzaa baba alichukuliwa Rufiji wakati wa vita ile akabebeshwa masanduku, na aliporudi bega lake moja lilikuwa limeshuka, halikunyanyuka tena mpaka anakufa. Sikuwahi kulisikia hilo maishani mwangu. Nikamwambia, "Mama, mbona hukuwahi kutuambia?" Akasema, "Nani aliniuliza?"

Hamidu akaniomba simu. "Shikamoo bibi. Bega lipi?"

"La kulia, mjukuu wangu."