Mkono wenye lesi, Saint Petersburg

Kiingilio cha Kunstkamera, jumba la makumbusho, kiliniuma kabla sijaona kitu, na kiliniuma zaidi nilipokumbuka kwamba Petro Mkuu, mfalme wa Urusi aliyeianzisha mwaka 1714, alikataa kuwatoza watu. Aliagiza wageni wakirimiwe kahawa, divai au vodka, mradi waje wajifunze. Sisi tulipanga foleni kando ya mto Neva, upepo unakata masikio.

Vyumba vingi nilivipita tu. Nilikwama kwenye mtungi mmoja wa kioo: mkono wa mtoto mchanga, ngozi nyororo, vidole vimekunjika kama vya aliyelala, na mkatoni umevishwa lesi nyeupe. Ni kazi ya Frederik Ruysch, tabibu wa Amsterdam. Mwaka 1717 Petro alinunua mkusanyo wake wote kwa gilda 30,000, pesa ya Uholanzi. Lesi ile inapendeza, lakini pia inaficha kisu kilipopita.

Kazi yenyewe, ya kuhifadhi maiti kwa njia ya Ruysch, ni ya joto na subira. Maiti hulowekwa kwanza katika maji baridi, damu ikakamuliwa, kisha hukaa saa kadhaa ndani ya maji moto. Pembeni huyeyushwa shahamu; wakati wa kiangazi huongezwa nta, maana shahamu peke yake hulegea. Hutiwa zinjifuri, ule unga mwekundu wa zebaki, na mchanganyiko husukumwa kwa bomba kwenye mshipa mkubwa. Mwili ukiwa haujapata moto wa kutosha, shahamu huganda njiani na ncha za vidole hubaki nyeupe. Ukisukuma kwa pupa, mshipa hupasuka, rangi ikavuja chini ya ngozi na kuacha doa lisilotoka tena. Baadaye maiti hurudishwa maji baridi na kugeuzwageuzwa mpaka mafuta yagande, la sivyo rangi yote hutuama upande wa chini. Mwisho ni spiriti iliyotiwa pilipili manga, na mdomo wa mtungi kufungwa kwa kibofu cha nguruwe. Kifuniko kikilegea, spiriti hupotea hewani, nyama ikanywea na kuwa kahawia. Mkono huu una karne tatu na bado una wekundu wa damu!

Mwaka 1718 Petro alitoa amri kwamba watoto waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida waletwe: rubli 10, pesa ya Urusi, kwa aliyekufa, 100 kwa aliye hai. Alikana kwamba ni kazi ya shetani. Alisema chanzo ni madhara ya ndani na hofu ya mama. Hiyo hofu ya mama naijua. Kwetu Pwani mjamzito huambiwa asikodolee macho kitu cha kutisha.

Ruysch alifundisha wakunga wa Amsterdam tangu 1668, na kwa njia hiyo watoto waliokufa walimfikia. Kibandiko cha mtungi kina jina lake. La mama sikuliona. Kwetu mimba iliyoharibika, ikishapata umbo la mtu, huvikwa kitambaa cheupe pia, lakini jioni hiyohiyo imeshafukiwa.