Kurudi, na Mahali pa Kurudia

Somo la wiki: Yeremia 8:4–7 na 32:6–15

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Ndege wakitajwa kanisani, sote hukimbilia Mathayo 6: hawapandi, hawavuni, basi msihangaike. Ni neno jema, ila tumelizoea mno hata ndege wenyewe hatuwatazami tena. Wiki hii naomba tukae na nabii aliyewatazama.

Katika sura ya 8 Yeremia anauliza: watu wakianguka, si huinuka? Mtu akiiacha njia, si hurudi? Mbona basi hawa wa Yerusalemu wanazidi kwenda tu? Halafu anawataja koikoi, hua, mbayuwayu na korongo, kwamba wao wanajua majira yao na wakati wa kuja kwao, hali watu wa Mungu hawajui Bwana anataka nini kwao. Kinachomliza nabii ni hicho, kutorudi. Ndege wameingia katika hoja yake kwa sababu wao huondoka na hurudi, na kila mkaaji wa Yerusalemu aliliona jambo hilo juu ya paa la nyumba yake.

Maana nchi ile iko njiani. Magharibi kuna bahari, mashariki jangwa, na bonde la Yordani ni sehemu ya Bonde la Ufa, lile lile tunaloliona sisi tukishuka kwenda Naivasha. Korongo weupe wanaozaliana Ulaya ni ndege wazito. Huruka kwa kubebwa na hewa ya joto inayopanda kutoka nchi kavu, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo wengi wao huizunguka Mediterania upande wa mashariki na kupita juu ya Israeli kwa makundi makubwa ajabu wakija Afrika, kisha tena mwezi wa tatu na wa nne wakirudi kwao. Baadhi yao miezi ya katikati huikaa kwenye nyanda za Kenya na Tanzania, wakila nzige na viwavi. Huenda basi ndege aliyemfanya Yeremia aandike mstari ule alikuwa ametoka huku kwetu. Nikiri kwamba wazo hilo linanifurahisha kila nikifika sura ya 8.

Tuje pwani. Wengi wenu mmelipita hori la Mida mkienda Watamu bila kushuka garini. Ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi, umezungukwa na mikoko, na maji yakipwa hubaki uwanda mpana wa mchanga na tope linalonuka vile linavyonuka. Ng'ambo ya barabara kuu ya Malindi unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Hori na msitu vimepakana hivi kwamba asubuhi moja unaweza kuvitembea vyote viwili, ukianza na tope ukamalizia kivulini mwa miti ya mirihi.

Sisi wa pwani mwaka wetu tunausoma kwa pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi, vuli. Ndege nao ni hivyo hivyo.

Kaskazi ndiyo karamu. Nenda Mida mwezi wa kwanza au wa pili, lakini angalia maji kabla ya kuangalia saa. Yakiwa yamekupwa kabisa ndege wako mbali na hutawatambua. Ngoja yaanze kujaa yawasogeze. Utaona sululu wenye midomo iliyopinda, vitwitwi wa kila namna, na jioni keremkerem wekundu wakiingia mikokoni kulala. Kati ya vitwitwi hao yuko mmoja wa kijivu, mdomo wake umepinda kidogo kuelekea chini, uzito wake kama gramu 60. Huyo amezaliwa Siberia, karibu na Bahari ya Aktiki, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapo alipo anadonoa tope la Wagiriama.

Lakini anayenishika mimi kila mara ni yule mla kaa, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia magamba. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Yeye huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, na ndiye pekee katika jamii ya vitwitwi anayechimba shimo mchangani akataga humo, kwa kawaida yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kinda likikua, wazazi hawaliachi kule. Huja nalo mpaka pwani yetu, na hapa Mida utaliona limeshakuwa kubwa, linaruka vizuri, limevuka bahari kwa mbawa zake lenyewe, na bado linamfuata mzazi likilia kuomba kaa. Na mzazi hulilisha. Miezi inapita, hulilisha. Walimu wa Shule ya Jumapili na ninyi mnaofundisha darasa la kipaimara, mtazameni ndege huyo kabla hamjamkatia tamaa mtoto wa mtu.

Mwezi wa nne mambo hubadilika. Ndege wamekula mpaka wamenenepa, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo chakula cha njiani. Yule kitwitwi wa kijivu amegeuka rangi, kifua na tumbo vimekuwa vyekundu kama matofali. Masika yanakaribia, upepo unageuka na kuvuma kutoka kusini, na mara nyingi ni jioni kikundi kinapoinuka, kinazunguka juu ya hori kikiitana, kinapanda, kinaelekea kaskazini. Mababu zetu walijua kwamba jahazi la Uarabuni hurudi kwao kusi inapoanza. Ndege walikuwa wakiondoka msimu huo huo kabla jahazi la kwanza halijaundwa.

Kisha inakuja miezi ambayo watu husema Mida hakuna kitu. Mvua, mbu, matope, na wageni wenye darubini wameondoka pamoja na ndege wao. Mimi naipenda miezi hii kuliko yote. Hori halijawa tupu. Ndege wengi wa mwaka wa kwanza, ambao hawajawa tayari kuzaliana, hubaki. Wanakaa wamevaa kijivu chao, wanakula, wanangoja mwaka mwingine, na hakuna anayewafukuza kwa kuwa hawakusafiri na wenzao. Na msituni kunafika mgeni wa upande wa pili: mkesha mwenye madoadoa kifuani, ndege wa kutembea chini kwenye majani makavu, anayepanda kutoka kusini, upande wa Tanzania, kuja kukaa Sokoke na kwenye miti ya magofu ya Gede wakati huu wa kusi. Wageni wa kaskazi wakitoka, huyu anaingia. Tungefyeka ule msitu mdogo wa Gede kwa kuwa eti watalii ni wachache, yeye angefika akakuta magofu matupu.

Mwezi wa nane, ndege wa kaskazini huanza kurudi. Wa kwanza ni wakubwa waliokwisha kuzaa, manyoya yamechakaa kama shati la mvuvi, wamekonda, wengine bado wana mabaki ya ule wekundu. Wanashuka pale pale kwenye tope lile lile. Hakuna anayewauliza walileta nini.

Hapa ndipo Yeremia 8 inapohitaji Yeremia 32. Maana kurudi si kazi ya anayerudi peke yake. Ndege anaweza kujua majira yake barabara, akafika siku yake, akakuta hori limefukiwa na mikoko imekatwa. Ujuzi wake wote hautamfaa kitu.

Msitu wa Sokoke una mfano mchungu wa jambo hilo. Kuna ndege wa njano na mweusi, mnana wa Clarke, asiyepatikana popote duniani ila kaunti ya Kilifi. Wataalamu walimwandika mwaka 1913. Kila mwaka makundi yake yalionekana juu ya mirihi ya Sokoke, kisha yakatoweka wakati wa kuzaa, na hakuna mtaalamu aliyekuwa amekiona kiota chake. Mpaka mwaka 2013 ndipo viota vilipopatikana, si Sokoke bali Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, kwenye kinamasi cha msimu kilichojaa nyasi ndefu za majini katikati ya pori la mirihi. Miaka 100! Sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tukiulinda msitu wake mmoja, na huku kule Dakatcha miti inakatwa kwa makaa na mashamba ya mananasi. Kinamasi chenyewe ukikipita wakati wa kiangazi ni bonde kavu tu, na yeyote angekuambia kwamba pale hakuna cha kulinda.

A Rocha, shirika la Kikristo la uhifadhi lililoanza Ureno mwaka 1983 na lenye kituo Watamu, limekuwa likinunua vipande vya ardhi huko Dakatcha ili visifyekwe. Nimesikia waumini wakiguna. Kanisa na kununua pori, wapi na wapi, na watu wana njaa? Ni swali la haki, wala silidharau, maana mchoma makaa naye ana watoto. Ndiyo maana nafurahi kuona kwamba ada wanayolipa wageni pale Mida, kwenye lile daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko, imesaidia kulipa karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vinavyouzunguka msitu. Ulinzi usiomfikia jirani haudumu.

Lakini kwa wale wanaoguna, tusome tena sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzingira mji. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na amefungwa kwa kuhubiri kwamba mji utaanguka. Hapo ndipo binamu yake Hanameli anapomjia: ninunulie shamba langu la Anathothi. Mtu mwenye akili ya biashara angecheka. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaita mashahidi, kisha anamwagiza Baruku, mwandishi wake, azitie hati zile ndani ya chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Kwa sababu Mungu amesema nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii. Nabii aliyelia kwamba watu hawarudi ndiye aliyelipa fedha yake kutunza mahali ambapo watarudi. Wala hatuambiwi kwamba yeye aliwahi kulima hata tuta moja hapo.

Sasa, wapendwa, tuseme na sisi kwa sisi. Vijana wetu wangapi wako Doha, Riyadh, Muscat? Kanisa la pwani tunajua kumuaga mtu. Tunamwombea, tunamchangia nauli, tunampiga picha uwanja wa ndege. Anayerudi na sanduku kubwa tunampokea kwa shangwe. Anayerudi baada ya miezi minane, mshahara umedhulumiwa, macho yameingia ndani, huyo tunamtazama pembeni na kunong'onezana. Akija ibadani anakaa nyuma, karibu na mlango. Tumemhubiria kurudi kwa Bwana tangu utoto wake, na siku aliporudi hakuna aliyekuwa amemwekea mahali.

Na wale waliohama imani kwa baridi tu, bila ugomvi na mtu, je? Hao miezi yao ya kusi inaweza kuwa mirefu. Kumtunzia mtu mahali katika miezi hiyo ni kazi isiyoonekana: kumpigia simu bila kumtajia kanisa, kulitaja jina lake katika maombi ya Jumatano hata kama wengine wamechoka kulisikia, kumwachia zamu yake katika kwaya. Msiidharau kazi hiyo kwa kuwa haina ushuhuda wa kutoa mbele ya watu.

Maombi ya wiki hii. Tuwaombee waongozaji wa Mida na walinzi wa msitu wa Sokoke, hasa miezi hii ambayo wageni ni wachache na mapato ni haba. Tuziombee familia za Dakatcha zinazoishi kwa makaa, Mungu afungue njia nyingine ya riziki. Tuwaombee ndugu zetu walioko Ghuba, na kila mmoja wetu alete jina moja la mtu aliyeondoka, aliandike kwenye karatasi, ampe mama mchungaji kabla ya Jumatano.

Vijana wanaotaka kwenda Mida wajiandikishe kwa katibu. Siku itapangwa kwa kufuata maji, kwa hiyo msiulize mapema. Chukueni maji ya kunywa, na viatu mnavyovaa viwe vile ambavyo hamtavililia vikiingia tope.