Siku tisa za kimya

Mimi nina miaka 34, yeye ana 46. Alipoleta posa mwaka jana, shangazi alifurahi kuliko mimi. "Huyu mtu mzima, mwanangu, hatakusumbua na mambo ya kitoto. Utu uzima dawa." Nikamwamini, maana vijana walikuwa wameshanichosha.

Wiki mbili zilizopita tukakorofishana. Nilimuuliza habari za pesa za msingi wa nyumba, rafiki yake yupo. Hakujibu. Akainuka, akapanda baiskeli yake, akaondoka. Baada ya hapo nikipiga hapokei, ujumbe anausoma na kuuacha hivyo hivyo. Siku tisa.

Siku ya sita nilikuwa barazani, nyumbani Ngamiani, Tanga, na mdogo wangu wa kiume wa miaka 23. Alikuwa anamenya chungwa la Muheza, simu kaibana kwa bega, anaongea na mchumba wake. "Nilikukatiza mbele ya wenzako, nilikosea. Hapana, usiseme yaishe. Niambie kwanza ilivyokuuma." Akanyamaza kusikiliza. Kisu kikasimama, ganda likining'inia nusu, na hakulimaliza mpaka binti wa watu alipomaliza kusema.

Nikaingia ndani nikalia. Wataalamu wanasema ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Basi huyu hata hajafika!

Sisemi miaka haina kazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Nilishangilia, na leo ningeshangilia tena. Mtoto ni mtoto, hapo miaka lazima ihesabiwe. Ila kwa sisi watu wazima, nimekuwa nikiuliza umri tu, na sikuwahi kuuliza mtu akikasirika huwa anafanyaje.

Siku ya kumi akaja na kamba wabichi kutoka soko la samaki la Deep Sea, anacheka kama hakuna kilichotokea. Nikawapika kwa nazi, tukala. Zamani ningeyaacha yapite. Nilipoondoa sahani nikamwambia, "Siku tisa nilikuwa nakusubiri. Niliogopa."

Akainamia bilauri yake ya maji, akawa anaizungusha taratibu mezani. Muda ukapita. Kisha akasema kwao baba yake akinuna, nyumba nzima ilinyamaza, mama yao akipakua chakula bila neno, hata wiki mbili. Watoto walijifunza kutembea bila kishindo.

"Hujawahi kunieleza hili," nikamwambia.

"Sijawahi kumweleza mtu."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake.