Siku Moja Maishani Mwangu: Gredi ya Nne Yachagua Kiranja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya kuondoka nyumbani mtaani Umoja, nilipakia katoni niliyoitoboa tundu kwa juu, karatasi za kura na kichupa cha wino. Ninafundisha Gredi ya Nne katika shule moja ya umma hapa Nairobi, na leo darasa langu lilikuwa linachagua kiranja. Ninaamini kwamba mtoto wa miaka tisa anaweza kuuelewa uchaguzi vizuri, mradi aanze kwa kujifunza taratibu zake na wala si majina ya wanasiasa.

Saa kumi na mbili na nusu. Ndani ya matatu, redio ilikuwa ikibishana kuhusu uchaguzi wa Agosti 2027, huku watoto wawili waliovaa sare wakisikiliza kila neno. Wapo wanaosema kwamba siasa ni ya watu wazima, nami sikubaliani nao, kwa sababu watoto wanaisikia tayari, na wasipopata mtu makini wa kuwaeleza watabaki na matusi na hesabu za makabila.

Saa mbili na dakika ishirini. Wawaniaji watatu walihutubia darasa. Mmoja aliahidi soda kwa wote, akaulizwa na wenzake pesa zitatoka wapi, akaketi.

Saa tatu asubuhi. Niliwaeleza kwamba mwaka 1988, katika kura za mchujo za chama cha KANU, Wakenya walipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya wawaniaji au wawakilishi wao, utaratibu uliojulikana kama mlolongo, na kwamba zipo sehemu ambako mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Kisha nikawaomba wapange foleni vivyo hivyo. Msichana mmoja alisimama nyuma ya mwaniaji wa kwanza, akageuka, akamwona jirani yake wa dawati akimkazia macho kutoka foleni ya pili, akahama. Nilipomuuliza kwa upole sababu yake, alijibu, "Mwalimu, atakataa kucheza na mimi." Darasa lilinyamaza, na sikuhitaji kueleza kwa maneno mengi kwa nini Katiba ya 2010 inataka kura iwe ya siri.

Saa nne, baada ya mapumziko. Tuliigeuza kona ya darasa kuwa kibanda kwa kutundika leso. Karani, ambaye ni mwanafunzi, alitafuta jina la kila mpiga kura katika sajili, akampa karatasi, na baadaye akampaka wino kidoleni. Kabla ya kura ya kwanza tuliliinua sanduku ili wote waone kwamba ni tupu, na wakati wa kuhesabu kila karatasi ilionyeshwa hadharani. Ilipatikana moja yenye alama mbele ya majina yote matatu, na mjadala ukazuka: wengine walisema mwenzao alitaka kuwafurahisha wote, wengine wakasisitiza kwamba hakuchagua. Niliwaacha wabishane mpaka wakaafikiana wenyewe kwamba imeharibika. Mvulana aliyeongoza kwenye foleni aliongoza tena, lakini kwa kura chache zaidi kuliko foleni yake ilivyokuwa.

Aliyemfuata aliomba zihesabiwe upya. Nilikubali mara moja, nikawaeleza kwamba tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na kwamba anayetilia shaka matokeo ana njia ya kufuata isiyodhuru mtu. Hesabu ilibaki vilevile. Mawakala watatu walitia sahihi, nasi tukabandika matokeo mlangoni, kama Fomu 34A inavyobandikwa katika kila kituo baada ya kura za urais kuhesabiwa.

Saa saba mchana. Wakati wa chakula cha Dishi na County, mpango ulioanza mwaka 2023 ambao mtoto huchangia shilingi 5 kwa mlo, mwanafunzi aliuliza ni nani aliyeamua. Nilimjibu kwamba ni serikali ya kaunti, ambayo wazazi wake huichagua.

Saa tisa na nusu. Mzazi mmoja alinisubiri langoni. "Mwalimu, siasa ilituumiza mwaka 2007. Waache watoto wasome." Maneno yake niliyapokea kwa uzito, kwa kuwa zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka ule, na wapo majirani ambao hawajarudi walikokuwa wakiishi. Nilimwonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni, yenye sahihi ya binti yake aliyekuwa wakala wa upande ulioshindwa. Aliisoma kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wazazi wanaruhusiwa kuja kutazama muhula ujao. Nilimkaribisha.

Saa mbili usiku. Ninaandaa somo la juma lijalo kuhusu kura sita ambazo Mkenya hupiga kwa siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake wa kaunti na mwakilishi wa wadi. Kila kikundi kitapewa kero moja ya mtaani, kama vile maji taka yanayofurika au taa ya barabarani iliyozimika, kiamue ni nani kati ya hao anayepaswa kuulizwa, kisha kimwandikie barua. Nimeanza na maji taka, kwa sababu yanapita nyuma ya madarasa yetu.