Mkate Kabla ya Swali

Wapendwa katika Bwana, wiki hii tusome 1 Wafalme 19, tena tusome polepole, kwa maana wengi wetu humkumbuka nabii Eliya wa mlima Karmeli, aliyeomba na moto ukashuka, tukampita haraka Eliya yule yule aliyeketi jangwani chini ya mti wa mretemu akiomba afe.

Malkia Yezebeli alikuwa ameapa kumuua. Eliya akakimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Naomba tutue kidogo kwa huyo mtumishi aliyeachwa, kwa sababu mtu aliyelemewa mara nyingi huanza kwa kujitenga na wale ambao wangemshika mkono, nasi huja kuitambua hali yake akiwa amekwisha kufika mbali.

Mungu hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake imepungua, maneno ambayo sisi, hata kwa nia njema, huwa wepesi kuyatamka. Malaika alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule"; palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, wala usingizi ule haukuhesabiwa kuwa uvivu. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, akakiri kwamba safari ile ilikuwa kubwa mno kwake. Ni baada ya hayo, na baada ya mwendo wa siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu, ndipo Eliya alipoulizwa anafanya nini pale. Mwili wenye njaa na uliokosa usingizi huifanya kila shida ionekane haina mlango wa kutokea. Muumba wake alilijua hilo, akautunza kwanza.

Ndugu akitamka maneno kama ya Eliya, kwamba yatosha, heri afe, tusiyapuuze wala tusimwache peke yake. Tumsindikize kwa daktari au mshauri huku tukiendelea kumwombea.

Huko Horebu Eliya alilalamika mara mbili kwamba amesalia peke yake. Bwana akampa kazi ya kufanya, akamjulisha kuwa wapo watu 7,000 wasiompigia magoti Baali, yule mungu wa uongo, akamtajia Elisha, atakayekuwa nabii baada yake. Siku ya mwisho ya Eliya duniani ilipowadia, alimtaka Elisha abaki nyuma, kwanza Gilgali, kisha Betheli, kisha Yeriko, na mara zote tatu Elisha alimjibu, "Sitakuacha."