Koti la Ghorofa ya Tatu

Lilikuwa koti la suti, rangi ya kahawia, kiwiko cha kushoto kimeng'aa kwa kuegemea meza. Lilivishwa mgongo wa kiti kwenye ghorofa ya tatu, karibu na dirisha linalotazama Kenyatta Avenue. Asubuhi ya Jumatatu, 5 Machi 2018, nilipita hapo na daftari nikalihesabu kama mtu aliyepo kazini. Anayejua maofisi ya Nairobi hatanilaumu. Koti likiwepo, mwenyewe hayuko mbali: ameshuka kunywa chai, ameitwa juu, yuko benki. Tumeishi na uongo huo miaka mingi na hakuna aliyeulizwa.

Nilikuwa msimamizi wa majengo katika kampuni moja ya bima. Cheo kilisikika kikubwa kuliko kazi yenyewe. Nyingi ya siku zangu zilikwisha kwenye lifti zilizokwama, jenereta iliyokosa dizeli na boza la maji siku ambazo mifereji ilikauka. Mwaka uliotangulia, hatimaye, nilipewa jambo la maana. Wenzetu wengi walikuwa wameondoka katikati ya jiji miaka mingi nyuma, hasa baada ya bomu la 7 Agosti 1998, wakapanda Upper Hill, na baadaye Westlands. Sisi tulibaki mjini na lifti zetu za kuvutwa kwa maombi. Mkurugenzi mkuu aliponiita akaniambia niandae mpango wa kuhama, nililala nikiota vioo.

Na vioo nilivipata. Jengo jipya Westlands, karibu na Waiyaki Way, bado zege tupu ndani, harufu ya saruji. Nikaenda kwa idara ya wafanyakazi nikaomba idadi: watu 412. Nikawapa kila mmoja futi 120 za mraba, nikaongeza vyumba vya mikutano, mapokezi na jiko la wapishi wa chai, nikafika futi 55,000. Kodi shilingi 100 kwa futi kwa mwezi, ada ya huduma 25 kwa ulinzi, usafi na lifti. Hiyo ni milioni 6.875 kila mwezi, na VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ya asilimia 16 ikiingia unakaribia milioni nane. Biashara ya bima haitozi VAT, kwa hivyo hiyo tukishailipa hatuna pa kuidai. Kodi ingepanda asilimia 7.5 kila mwaka, ina maana futi ya shilingi 100 ingefika 143 na ushee mwaka wa sita. Mkataba ulikuwa wa miaka sita kwa sababu wenye majengo Nairobi hawapendi ule wa miaka mitano kushuka chini. Huo unaweza kuangukia sheria ya upangaji, Sura ya 301, inayomlinda mpangaji, na kumtoa au kumpandishia kodi kunakuwa kesi mbele ya baraza la upangaji wa biashara.

Haya yote niliyapanga vizuri kwenye slaidi 31. Slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya jengo wakati wa machweo. Nikiri tu kwamba mpango mzima ulizaliwa kwenye picha hiyo, tarakimu zikaja baadaye kuitafutia sababu.

Aliyenikwamisha ni mkuu wa fedha. Tulimwita Madam, na hakuwa mtu wa maneno. Alifungua karatasi, akaweka kidole kwenye 412.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa idara ya wafanyakazi, Madam."

"Hao ni watu wa mshahara. Mimi nataka watu wa viti. Nenda ukahesabu."

Nilitoka nimevimba. Miezi mitano ya kazi, halafu mtu ananituma kuhesabu viti kama karani wa sensa! Lakini ndiye mwenye saini. Nikamchukua kijana mmoja wa chuo aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazini, tukagawana ghorofa. Mara tatu kwa siku: saa nne asubuhi, saa sita, saa tisa. Wiki tatu, tumalize kabla ya Pasaka watu hawajakimbilia mashambani.

Kuhesabu watu wazima wakiwa kazini ni kazi ya aibu. Siku ya pili uvumi ulikuwa umeenea kwamba tunatayarisha orodha ya wa kupunguzwa. Ghorofa ya nne walianza kujaa saa nne kamili na kutoweka saa nne na robo. Tukabadilisha saa. Ijumaa ya wiki ya kwanza, tarehe 9, hesabu ya mchana ilikuwa bure kabisa, maana Uhuru na Raila walikuwa wamepeana mikono nje ya Harambee House na ofisi nzima ilikuwa imesimama mbele ya televisheni ya mapokezi. Wiki ya pili mvua ikatupiga. Nilidhani itanipa kisingizio, lakini watu walifika, walichelewa tu, viatu mkononi.

Kijana ndiye aliyegundua habari ya koti. Jumatano ya wiki ya pili alinijia akanong'ona, "Mkuu, lile koti la kahawia halijasogea. Nililiwekea alama." Alikuwa ameweka kalamu ya penseli kwenye mfuko wa kifua, ncha ikitazama juu. Penseli ilikuwa vilevile siku nne baadaye. Tukarudi kwenye madaftari tukayatoa makoti yote. Tukatoa na sweta, na mkoba mmoja wa mwanamke uliokuwa mtupu.

Wastani ukabaki watu 247. Siku iliyojaa kuliko zote, Jumanne tarehe 13, walikuwa 268. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini. Watu wa mauzo wako kwa wateja. Wakaguzi wa ajali wako gereji za Industrial Area wakibishana bei ya bampa. Kuna wa likizo, wa masomo, wa uzazi. Nilifanya kazi hiyo miaka tisa nikipita katikati ya viti vitupu, na macho yangu yalikuwa kwenye balbu zilizoungua.

Kwa hesabu hiyo, futi 36,000 zilitosha na kubaki. Tofauti ilikuwa milioni 2.375 kwa mwezi, kabla ya VAT.

Sasa nifike pale ninapopaona vibaya hadi leo. Jioni kabla ya kikao cha bodi nilimpelekea mkurugenzi mkuu hesabu mpya. Aliisoma amesimama. Alikuwa ameshamwambia mwenye jengo kwa mdomo kwamba tunachukua ghorofa zote alizotuwekea. Aliniuliza nani mwingine ameiona. Nikasema bado. Akasema, kwa upole sana, "Basi kesho tuende na ile ya kwanza. Hii tutaitumia wakati wa kupanga meza." Nikajibu, "Sawa, mkuu." Wala sikusita. Nilishuka ngazi nikijieleza kwamba kampuni itakua na watu wataongezeka, na kwamba mtu hawezi kumbishia bosi usiku wa kuamkia kikao.

Kesho yake nilisimama na slaidi zangu 31. Machweo yakapendwa. Nilipofika kwenye futi 55,000, Madam hakuinua hata kichwa.

"Nilikutuma ukahesabu. Ulipata wangapi?"

Chumba kilinyamaza. Nikamtazama mkurugenzi mkuu, naye akatazama kikombe chake. Ningeweza kusema hesabu haijakamilika. Sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni, naikumbuka hadi ladha yake. Lakini Madam aliniuliza kama mtu anayejua jibu, na pengine alilijua. Ghorofa yake nayo tuliihesabu.

"Mia mbili sitini na nane, Madam. Siku iliyojaa."

Wakuu wa idara wakalipuka. Kila mmoja alidai watu wake wote wapo, tena hawatoshi. Mkuu wa ghorofa ya tatu ndiye aliyepandisha sauti kuliko wote. Nikaona sina budi, nikaeleza habari ya koti na penseli. Mwenyekiti, mzee asiyecheka ovyo, alivua miwani.

"Na hilo koti ni la nani?"

Hakuna aliyejua. Mkuu wa ghorofa ya tatu alikohoa, akasema huenda ni la yule kijana aliyehamishiwa tawi la Kisumu. Alihamishwa lini? Novemba.

Tulichukua futi 36,000. Mkurugenzi mkuu hakunisemesha hadi Juni, ila kwa barua pepe, na slaidi ya machweo iliondolewa bila mtu kuniarifu. Mwenye jengo alinuna wiki mbili, kisha akatupa mwezi mmoja zaidi wa kumalizia ndani bila kodi, maana ofisi tupu zilikuwa nyingi Nairobi mwaka ule na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Mwenye koti nilimpigia simu mwenyewe. Alifurahi, alidhani lilipotea kwenye matatu. Nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko, nikalipeleka ofisi ya mabasi karibu na River Road, pamoja na penseli yake. Karani aliandika jina na namba ya simu, akafika penye thamani ya mzigo, akanitazama. Pale mjini tulilipa shilingi 80 kwa futi, ada ikiwemo. Futi 120, miezi mitano: elfu arobaini na nane.

Nikamwambia aandike mia tano.