Feza ya kweli ndani ya kopo la falanga za zamani

Hapa Bukavu neno «feza» lina kazi mbili: ni pesa ya kununulia ndizi sokoni Kadutu, na ni madini meupe yenyewe, yaani fedha. Ndiyo maana kila falanga nyeupe ya enzi za Wabelgiji huitwa feza. Kopo nililoletewa nipime lilikuwa na vipande 43. Vyenye madini hayo vilikuwa 10.

Nilianza kwa kutenga vinavyodanganya macho. Falanga 1 yenye mti wa mchikichi ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Vivyo hivyo senti 5, 10 na 20 zenye tundu na nyota. Hizo hazina fedha hata chembe. Shilingi za Afrika Mashariki zilizovuka kutoka Uganda zinataka jicho la mwaka: za 1921 hadi 1946 zina gramu 7.78, na robo tu ya uzito huo ndiyo fedha. Kuanzia 1948 hazina kabisa.

Vyenye fedha, kwanza ni vya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, vyenye maneno «Etat Indep. du Congo» (Dola Huru la Kongo). Falanga 5 zilitolewa 1887, 1891, 1894 na 1896: gramu 25, sehemu 900 katika 1000, yaani gramu 22.5 za fedha safi. Falanga 2, falanga 1 na senti 50 zina gramu 10, 5 na 2.5, lakini kwa sehemu 835. Ukizikadiria zote kwa 900 unajipunja mwenyewe au unampunja mnunuzi. Falanga 50 ya tembo ya 1944 ina gramu 17.5, nusu yake shaba, hivyo fedha ni gramu 8.75. Rupia ya Deutsch Ostafrika (Afrika Mashariki ya Wajerumani), ambayo huku mpakani haikosi, ina gramu 11.66 kwa sehemu 917: fedha 10.69.

Kupima nilitumia mizani ya watu wa dhahabu, inayosoma gramu 0.01. Sumaku ilitangulia, ila haitoshi: shaba na risasi nazo hazivutwi. Kinachoamua ni maji. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala ubavu. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba utakayoiona. Falanga 5 ya kwanza ilikuwa 24.68 kavu na 2.39 majini: 10.3, sawasawa na fedha ya 900. Nyingine ya 1896 ilikuwa 22.1 na 2.48: 8.9. Hiyo ni shaba na nikeli, kazi ya waghushi. Ya tembo hutoa karibu 9.7, usiitupe kwa sababu haifiki 10. Povu dogo likinata kwenye herufi hushusha jibu, hivyo tia tone la sabuni majini na uipapase sarafu kwa kidole kabla ya kusoma. Njia hii haimkamati mghushi aliyetumia fedha halisi. Huyo mtafute kwa lenzi, kwenye herufi zilizofura na vipele vya kumiminwa.

Hesabu ya madini ni fupi. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1. Tuseme wakia ni dola 31.10: kila gramu safi ni dola 1, kwa hiyo falanga 5 ni dola 22.50 na ya tembo ni 8.75. Sonara atakupa chini ya hapo, maana ana moto na upotevu wa kusafisha. Hiyo ndiyo sakafu ya bei. Falanga 5 ya Leopold kuipeleka kwenye tanuri ni hasara kubwa, kwa kuwa mtozaji, yaani mkusanyaji wa sarafu za kale, analipia mwaka, na analipia nywele na ndevu za mfalme ambazo bado zinaonekana. Iliyotobolewa ikavaliwa shingoni, au yenye alama ya kulehemu, hushuka karibu na bei ya madini.

Naomba sana: usisugue. Ndimu na majivu, dawa ya meno, mchanga wa Ruzizi, vyote huacha mikwaruzo ambayo mtozaji huiona akiigeuza sarafu kwenye mwanga, na uso uliokwaruzwa haurudi. Weusi ni salfa ya hewani, haupunguzi fedha. Mipira ya kufungia nayo ina salfa, na plastiki laini hutoa ute wa kijani. Nilivifunga vipande 10 kila kimoja kwenye bahasha yake ya karatasi, nikaandika juu mwaka, uzito mkavu na jibu la maji. Ile ya 8.9 niliiweka peke yake, nikaandika «bandia».